Mashine ya Mwikali

Mwalimu Nzioka alizikwa Alhamisi iliyopita nyumbani kwake Kithyoko, na mimi nilifika nimechelewa kwa makusudi. Nilitoka Syokimau saa nne asubuhi, saa ambayo mtu mwenye nia njema alipaswa kuwa ameshasaini kitabu cha wageni na kupata kiti. Nikasimama Machakos mjini kunywa chai ambayo sikuitaka, nikasimama tena njiani kununua maji ambayo sikuyanywa. Nilikuwa nimepanga mambo yangu: nifike katikati ya mahubiri, nisimame nyuma ya hema, nitupe mchanga wangu kaburini, kisha nipotee kabla ya chakula. Ujanja wote huo ulikuwa wa kumkwepa mtu mmoja tu, Mwikali, binti wa dada yake Mwalimu. Tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja katika ofisi ya mjomba wake, nikiwa na miaka ishirini na minane. Mwaka huu nimetimiza arobaini. Katikati hapo nimekaa na jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu, na mimi ni mtu wa kumweleza mke wangu hadi nilichokula mchana.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amesimama mbele ya waombolezaji, kitambaa cheupe kichwani, akisoma wasifu wa marehemu kwa sauti yake ile ile ya taratibu. Alitaja shule alizofundisha Mwalimu, kanisa alilosaidia kujenga, miti aliyopanda. Kisha akafika mahali pa ofisi: “Alipostaafu alifungua ofisi ya kompyuta Machakos, akawaandika vijana kazi.” Hapo akapita haraka. Hakusema kwamba yeye alikuwa mmoja wa vijana hao, na waliokaa kwenye viti hawakuona upungufu wowote. Mimi nilitazama viatu vyangu mpaka akamaliza kusoma.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja nyuma ya soko, vyumba viwili vilivyotengwa kwa ubao mwembamba. Chumba kikubwa kilikuwa chetu: meza tatu, viti vya plastiki, na dirisha lililotazama milima ya Iveti juu ya mabati ya vibanda. Meza moja ilikuwa yangu, moja ya Mwikali, na moja ya Mbithi, aliyetengeneza kurasa na picha na ambaye alivaa vidude vya kusikilizia muziki masikioni tangu asubuhi hadi jioni. Chumba kidogo kilikuwa cha Mwalimu. Kwa kuwa ubao ule haukufika darini, kila alichosema kwenye simu tulikisikia, na kila tulichosema alikisikia, na pande zote mbili tulijifanya viziwi. Alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi. Kuandika programu hakujua, lakini aliiamini kompyuta kama watu wengine wanavyoamini mvua ya Novemba. “Ule mji wa kompyuta wa Konza ukifunguliwa,” tulimsikia akimwambia mtu kwenye simu, “hawa watoto wangu watakuwa wamekomaa.” Watoto wenyewe tulikuwa tunakaribia thelathini, na Mbithi alikuwa na ndevu.

Chini yetu alipika Mama Shiru, mama wa kutoka Murang’a aliyekuwa amefanya biashara Machakos kwa muda mrefu kiasi cha kutukana kwa Kikamba safi. Harufu ya vitunguu vyake ilipanda ngazi saa tano, na kuanzia hapo hakuna kazi ya maana iliyofanyika. Tulikula kwenye benchi lake, mgongo ukutani, tukisikiliza habari za mji mzima: nani amefunga duka, nani ameoa mara ya pili bila kumwambia wa kwanza. Mwikali na yeye walikuwa na ugomvi wa kila Jumanne, siku ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe.

“Mama Shiru, hii muthokoi umetwanga wewe ama umenunua?”

“Kula wewe. Mkamba akishiba hana maneno.”

“Na Mkikuyu akipika hakumbuki chumvi.”

“Chumvi iko kwa meza, mama. Mkono ni wako.”

Nikikumbuka mwaka ule, ndilo jambo la kwanza kunijia, vicheko vya wanawake hao wawili na sahani za bati. Inaniudhi kwamba kumbukumbu yangu inaanza na raha. Ingekuwa na adabu, ingeanza na kilichofuata.

Mwalimu alikuwa amekulia katika mwethya, kile kikundi cha kazi ambamo watu wa kwetu hulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na aliamini hakuna kazi duniani isiyoweza kufanywa hivyo. Kwa hiyo ofisini kila kitu kilikuwa cha zamu, na zamu zenyewe zilikuwa zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani kwa mwandiko wake wa ubaoni. Kulikuwa na zamu ya kufagia, zamu ya kuchota maji ya kunawa, na zamu ya kufunga mashine za wote saa kumi na moja jioni. Aliyekuwa zamu alifunga yake na ya wenzake, akitumia akaunti moja ya ofisi na nywila moja. Hakuna aliyekuwa na jina lake mle ndani. Nilipomwambia Mwalimu kwamba kwingine kila mtu huwa na akaunti yake, ili ijulikane nani kafanya nini, alinitazama kwa masikitiko. “Mnaogopana nini?” akaniuliza. Baadaye nilikuja kuishukuru akaunti ile moja kuliko anavyostahili mtu kushukuru kitu kama hicho.

Mashine ninazozisema hazikuwa mezani petu. Laptopu tulizokuwa nazo zilikuwa kuukuu, zikipumua kwa shida, kwa hiyo tulikodi kompyuta za wingu, au za klaudi kama tulivyozoea kusema. Hizo ni kompyuta pepe zisizo na mwili, zinazokaa ndani ya mitambo ya kampuni ya ng’ambo, na wewe unazitumia kupitia mtandao kama vile ziko mbele yako. Kabla sijafika kila moja ilitayarishwa kwa mkono, programu baada ya programu, siku nzima ikaisha. Na hata hivyo hazikufanana. Kilichokubali kwa Mbithi kiligoma kwangu. Aliyeleta dawa ni mimi. Kulikuwa na programu ya bure ya kujengea mashine za wasanidi, waandishi wa programu, na kulikuwa na programu jalizi, plagini, ya kuipachika ili iweze kuzungumza moja kwa moja na kampuni ile ya wingu. Ungeandika kila kitu kwenye faili moja, mashine iwe kubwa kiasi gani, iwe na programu zipi, kisha uamuru mara moja, na plagini iende ikakuagizie na kuijenga yenyewe. Nilianza Jumatatu. Plagini ilikataa ufunguo wetu, ikakataa jina la eneo, ikakubali yote mawili kisha ikakataa toleo la programu mama. Nilirudi nyuma, nikaweka toleo la zamani, nikaanza upya. Alhamisi kabla ya chakula niliandika amri na mistari ikaanza kushuka kwenye kioo: mashine inaagizwa, mashine inasubiriwa, mashine imeamka. Dakika nne. Niliagiza ya pili ili nihakikishe siyo bahati, nayo ikaja, ikifanana na ya kwanza kwa kila kitu.

Mwalimu alitoka chumbani kwake kwa kuwa alisikia nikipiga meza. Nilimwonyesha. Niliivunja moja mbele ya macho yake, ikatoweka kabisa, halafu nikaijenga tena tukiwa tumesimama. Alipiga makofi, akamwambia Mbithi atoe vile vidude masikioni, akatusimamisha wote na kuomba. Alimshukuru Mungu kwa mashine hizi tusizoziona na kwa mtoto huyu Kyalo. Mwikali alisema amina na kucheka kwa pua. Nimepandishwa cheo mara nne tangu wakati ule, nimepewa cheti chenye fremu, na sijawahi kusikia kifua kikijaa kama siku hiyo. Jioni niliwaandikia wenzangu amri mbili fupi ili wasisumbuke na mambo ya ndani: *fungua* ya asubuhi na *funga* ya jioni. *Funga* ilizilaza mashine zote pamoja na vilivyomo, na kesho yake *fungua* iliziamsha zilivyokuwa.

Sasa niseme kazi ya Mwikali. Mimi na Mbithi tulitengeneza tovuti na mifumo midogo ya kusajilia watu, kazi ambazo leo siwezi kuzikumbuka hata nikilipwa. Yeye alikuwa akikusanya sauti. Shirika moja lilitaka historia ya mabwawa ya mchanga ya sehemu zetu, yale ambayo vikundi vya wanawake viliyajenga kwa mawe na mikono kwenye mito mikavu ili mchanga ulimbikize maji chini. Historia hiyo haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa kwa wazee walioyajenga, na wengi walikuwa wamezeeka kweli. Kwa miezi mitano Mwikali alienda Mwala, Yatta na Masinga, akipanda boda boda na wakati mwingine mkokoteni wa punda, akiwarekodi kwa simu. Simu ilikuwa ndogo na ilijaa haraka. Kwa hiyo kila aliporudi alizihamishia sauti kwenye mashine yake ya wingu, akazifuta kwenye simu, na kukaa siku mbili tatu akizisikiliza na kuandika maneno humo humo ndani ya mashine.

Alizisikiliza kwa sauti, kwa kuwa Mbithi hakuwahi kumwazima vidude vyake, na hivyo sote tuliishi na wazee wale. Kulikuwa na nyanya mmoja wa Mwala aliyesimulia jinsi walivyobeba mawe wakiwa wajawazito, watatu kwenye kikundi kimoja, na jinsi bwawa lilivyokamilika siku mmoja wao alipojifungua. Alicheka katikati ya maneno, akakohoa, akamwambia Mwikali azime hicho kidude anywe chai kwanza. Mwalimu aliposikia sauti hiyo alitoka na kusimama mlangoni. Nyanya huyo alifariki mwezi wa sita. Mwikali alikwenda mazishini, na aliporudi alikuja kwenye meza yangu.

“Kyalo, hizi sauti ziko salama?”

“Ziko klaudi. Ziogope nini?”

“Nauliza tu. Nimeahidi binti yake nitampelekea.”

Nilimweleza kwamba nitaiwekea mashine yake diski ya pembeni, inayobaki hata mashine yenyewe ikiondolewa, na kwamba ni kazi ya nusu saa. Wiki mbili baadaye aliniuliza tena, nami nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba niko na mambo mengi. Sikuwa na mambo mengi. Nilikuwa nasoma kwenye mtandao namna mabingwa wa nje wanavyofanya, na nilikuwa nimegundua kwamba mabingwa hawalazi mashine. Wanazivunja kila jioni na kuzijenga upya kila asubuhi, ili uchafu usijikusanye na ili mashine isitozwe kodi ikiwa imelala. Jambo hilo lilinikaa kichwani. Mimi na Mbithi tulihifadhi kazi yetu mahali pengine, kwenye hifadhi ya pamoja, kwa hiyo kwetu mashine ilikuwa chombo tu. Ijumaa moja asubuhi nilifungua faili, nikabadilisha mstari mmoja, na kuanzia hapo *funga* haikuwa ya kulaza tena. Ilikuwa ya kuvunja, na nilikuwa nimeiamuru isimuulize mtu kama ana hakika.

Ningependa kuandika kwamba nilisahau sauti za Mwikali. Sikuzisahau. Nilizikumbuka wakati ule ule wa kubadilisha, nikajiambia diski nitaiweka kabla ya jioni. Kisha nikala, tukapiga soga na Mama Shiru kuhusu harusi fulani, na saa kumi nikachukua koti langu kwa kuwa kulikuwa na mechi uwanjani. Mwikali aliinua kichwa kutoka kwenye meza yake.

“Kyalo, leo ni zamu yangu. Ni ile ile *funga*?”

“Ni ile ile,” nikasema, nikiwa mlangoni.

Diski ilinijia akilini nikiwa nimekaa uwanjani, saa kumi na moja kasorobo. Nilitoa simu mfukoni. Nilikuwa na dakika kumi na tano, na nilichohitaji kusema ni maneno mawili, usifunge leo. Lakini angeuliza kwa nini, na ningelazimika kumweleza, na Mwalimu angesikia kupitia ubao kwamba mtoto huyu Kyalo alibadilisha kitu bila kuwaambia wenzake. Nikajiambia huenda ameshafunga tayari, au leo atachelewa, au ataondoka bila kufunga kama alivyowahi kufanya. Timu yetu ikapata kona, watu wakasimama, na mimi nikasimama nao. Siwezi kukumbuka nani alishinda.

Jumatatu niliingia mapema kidogo lakini yeye alikuwa amenitangulia. “Kyalo, kuja uone,” akasema. “Iko tupu.” Nilikwenda nikasimama nyuma yake. Mashine ilikuwa mpya, safi, imejengwa asubuhi ile vizuri kama nilivyotaka, na ndani hamkuwa na sauti hata moja. Nilimwambia asiguse kitu. Nilirudi kwenye meza yangu, nikafungua faili, nikaurudisha mstari ule kama ulivyokuwa zamani, nikafuta kumbukumbu ya badiliko, na nilifanya yote hayo bila kusita hata kidogo. Jambo hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Nilidhani mtu hujadiliana na nafsi yake kwanza. Mimi sikujadiliana na mtu. Nilikuwa nimemaliza kabla Mwalimu hajatoka chumbani.

“Kyalo, wewe ndiye unajua hizi vitu,” Mwalimu akasema. “Zimeenda aje?”

“Inaonekana mashine ilivunjwa Ijumaa jioni. Labda mtu alikosea amri.”

“Nani alikuwa zamu?”

Karatasi ilikuwa ukutani, mita mbili kutoka kwake, lakini hakuitazama. Alingoja.

“Ni mimi, anko,” Mwikali akasema.

Akamwita chumbani. Mbithi alitoa vidude masikioni bila kuambiwa, na mimi nilikaa nimeshika kikombe kitupu, na kwa mara ya kwanza nilitamani ubao ule ufike darini.

“Hizo sauti zilikuwa za watu, Mwikali. Hazikuwa zako, hazikuwa zangu. Yule nyanya ameshazikwa.”

“Najua, anko.”

“Uliandika nini?”

“Niliandika *funga*. Nafikiri niliandika *funga*.”

“Unafikiri?”

Chini Mama Shiru alikuwa akimfukuza kuku kwenye unga.

“Sijui sasa,” Mwikali akasema. “Labda niliandika ingine.”

Nilimsikia akiacha kujiamini, pale pale, kwa masikio yangu. Ningeweza kuinuka. Ilikuwa hatua sita mpaka mlango ule. Najua ni sita kwa sababu siku zilizofuata nilizihesabu mara nyingi, na kila siku zilikuwa sita.

Mwalimu hakumfukuza kazi. Alimwambia aende kwa kila kikundi, aseme kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya watu kwamba amepoteza walichompa. Alikwenda wiki tatu. Kuna waliompa chai na kumwambia si kitu, na kuna waliomuuliza kama maneno yao ameyauza. Niliyajua haya kwa sababu alimsimulia Mama Shiru tukiwa kwenye benchi, mimi nikiwa upande wa pili na sahani yangu. Binti wa yule nyanya wa Mwala hakukasirika. Aliuliza kama hata kidogo tu hakijabaki, hata pale mama alipokohoa. Mama Shiru aliweka mwiko chini, akajifuta uso kwa aproni, akamwita Mungu, “Ngai.” Mimi nilimaliza kula. Nakumbuka kwamba nilimaliza, na nilipangusa mchuzi kwa kipande cha chapati.

Kilichomwondoa Mwikali kilikuwa kitu kidogo. Mwezi mpya ulipoanza Mwalimu alibandika karatasi mpya ya zamu, na jina lake halikuwamo. Hakufagia, hakuchota maji, hakufunga mashine. Asiyelelewa na watu wa mwethya hataona hapo adhabu yoyote, bali atafikiri amepumzishwa. Kwetu, mtu anayefanyiwa kazi na haitwi kufanya ni mtu ambaye hahesabiwi. Alivumilia siku kumi hivi. Asubuhi moja alimkuta Mbithi anafagia chini ya meza yake, akainua miguu ampishe, na niliona uso wake. Baada ya chakula alichukua mkoba akaenda nyumbani Mwala, na hakurudi tena. Mwalimu alisema tu kwamba nami nishike kazi zake zilizobaki. Nilizishika, nikaongezewa mshahara, na mwaka uliofuata nikapata kazi Nairobi kwa barua nzuri aliyoniandikia, yenye maneno mwaminifu na mwangalifu katika sentensi moja.

Siku hizi ninafundisha wengine. Vijana wa kazini kwetu wakivunja kitu, mimi ndiye ninayeketi nao na kuwaambia hatutafuti mkosaji hapa, tunatafuta kosa lilipitia wapi, semeni bila woga. Wananipenda kwa hilo. Wanasema Kyalo ni mpole, hana lawama. Kila nikiyasema maneno hayo nasikia haya imenipanda shingoni, kisha naendelea kuyasema.

Kule Kithyoko mpango wangu haukufaulu. Mchanga ulikuwa bado unatupwa kaburini nilipoanza kurudi nyuma taratibu kuelekea gari, nikasikia mtu akiniita.

“Kyalo! Unatoroka chakula yetu?”

Alikuwa amebeba sahani mbili. Alinitafutia kiti, akakaa karibu yangu, akaniambia nimenona. Alinieleza ana shamba la ndengu, mbuzi, na watoto wawili, na kwamba wamemchagua kuongoza kikundi cha wanawake, lakini barua za kikundi anaandikiwa na mwingine. “Mimi kompyuta sigusi,” akasema, bila uchungu, kama mtu anayesema hali nyama ya mbuzi. “Nikikaribia mkono unakataa. Nitaharibu kitu ya watu tena.”

Sikuwa nimepanga kusema. Ni neno lile *tena* lililonishinda.

“Mwikali, hukuharibu kitu. Ile mashine niliivunja mimi.”

Nikamwambia yote, mstari niliobadilisha, uwanja, simu mkononi, na asubuhi ile nilipourudisha mstari wakati yeye ameketi amenipa mgongo. Nilisema haraka, macho kwenye sahani. Aliendelea kula kidogo, kisha akaacha.

“Kwa hivyo niliandika *funga*.”

“Uliandika *funga*.”

“Na wewe ulijua siku hiyo hiyo?”

“Siku hiyo hiyo. Kabla anko hajatoka.”

Alitazama upande wa kaburi, ambako wanaume walikuwa wakimalizia udongo kwa majembe, wakipokezana. Nilingoja matusi. Nilikuwa nayahitaji, kusema kweli, na nadhani alijua, kwa sababu hakunipa.

“Anko alilala hospitali wiki tatu,” akasema. “Mimi ndiye nilikuwa nampelekea uji. Jumamosi akaniambia niketi karibu, sauti ilikuwa imeisha. Akasema, Mwikali, ile maneno ya zile sauti imenikaa kwa roho miaka yote, sikuwa nimekusamehe. Akasema, leo nimekusamehe, nisiende nayo.”

Nilimuuliza alimjibu nini.

“Ningemjibu nini, Kyalo? Nilipiga magoti hapo kwa kitanda. Nikamwambia asante.”